Kulala Viungani, Kutembea Jijini

Nyumba ya viungani mwa jiji kubwa ina mvuto wake: chumba kikubwa kwa pesa ileile, usiku usio na honi, na mara nyingi jiko na mashine ya kufulia juu yake. Sehemu nyingine ya bei hulipwa kwa dakika, na hapo ndipo wageni wengi hukosea, kwa sababu hutazama kilomita. Kilomita 25 kwenye njia yenye treni kila dakika 10 ni karibu kuliko kilomita 8 kwenye njia ya basi la kila nusu saa.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua dakika za kutembea hadi kituoni. Ongeza nusu ya muda unaopita kati ya treni moja na inayofuata, maana huo ndio wastani wa kusubiri kwa mtu anayetoka nyumbani bila kuangalia ratiba. Ongeza muda wa ndani ya treni, dakika za kila mahali pa kubadilisha, na kutembea hadi unakokwenda. Tuseme nyumba ya kwanza iko kilomita 8: dakika 4 hadi kituo cha basi, 15 za kusubiri, 35 ndani ya basi, 8 za kubadilisha, 10 za treni ya chini ya ardhi. Jumla 72. Nyumba ya pili iko kilomita 25: dakika 9 kwa miguu, 5 za kusubiri, 27 ndani ya treni, 5 za kumalizia. Jumla 46. Tofauti ni dakika 26 kwa safari moja. Kwa siku tano za kwenda na kurudi ni dakika 260, yaani saa nne na dakika ishirini. Hiyo ni nusu siku nzima ya matembezi imeishia kwenye kiti cha basi.

Mpaka unaofaa ni saa moja, mlango hadi mlango. Ikizidi hapo, kila jioni utaanza kujiuliza kama inafaa kubaki jijini kwa jambo moja zaidi, na jibu litakuwa hapana. Kama unakaa usiku mbili tu, au unataka kwenda kwenye maonyesho ya usiku kila siku, lala katikati ya jiji na usome makala nyingine.

Upande wa pesa, usilinganishe bei ya chumba na bei ya chumba. Watu wanne wanaoingia jijini kila siku wanalipa nauli nane. Zidisha kwa idadi ya siku, ongeza teksi moja ya usiku kwa safari nzima (karibu kila safari huwa na usiku mmoja wa kukwama), halafu ndipo utazame kilichobaki.

Kuikagua nyumba kabla ya kulipa

Programu ya ramani ukiiuliza njia "sasa hivi" itakujibu kwa saa uliyokaa kochini kwako, labda Jumatano mchana, wakati treni ni nyingi kuliko usiku au Jumapili. Iwekee tarehe na saa. Tafuta njia mara nne: kwenda jijini Jumanne saa mbili asubuhi, kwenda Jumapili saa tatu asubuhi, kurudi Jumamosi saa tano na nusu usiku, na safari ya uwanja wa ndege saa ileile utakayoondoka. Safari ya kurudi ndiyo inayofichua nyumba mbaya. Mtaa wenye treni sita kwa saa asubuhi unaweza kuwa na moja tu kwa saa baada ya saa nne usiku.

Kuna mtego wa saa hapa unaomnasa msemaji wa Kiswahili kuliko mwingine. Ratiba za reli huhesabu saa 24, kuanzia usiku wa manane. Treni ya 23:40 ni ya saa tano na dakika arobaini usiku, hiyo haina utata. Ile ya 00:15 utakayopanda baada ya kuzunguka Ijumaa jioni, kwenye programu ina tarehe ya Jumamosi: ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Ukitafuta Ijumaa 00:15 utaonyeshwa ratiba ya usiku wa kuamkia Ijumaa, na mashirika mengi hayana ratiba moja kwa siku za kazi na mwisho wa wiki.

Mwisho wa wiki ndio wakati wa matengenezo pia. New York na London hufunga vipande vya njia Jumamosi na Jumapili mara kwa mara na kuweka mabasi badala ya treni. Safari ya dakika 27 huweza kuongezeka maradufu. Matangazo hutoka mapema kwenye tovuti ya shirika husika, kwa hiyo yatazame wiki moja kabla, halafu tena siku moja kabla.

Baada ya ratiba, kagua njia ya miguu. "Dakika tano kutoka stesheni" kwenye tangazo la nyumba inaweza kuwa dakika tano kwa gari. Chora njia ya mtembea kwa miguu kwenye ramani na utazame mambo matatu. Lango la stesheni liko upande gani wa reli? Nyumba inayoonekana kugusana na stesheni inaweza kuwa upande usio na lango, na daraja la kuvukia likawa mita 600 mbele. Je, barabara ina njia ya waenda kwa miguu na taa? Picha za barabarani zitakuonyesha nguzo. Na je, kuna mlima? Dakika 12 za kushuka asubuhi ukiwa mwepesi ni dakika 18 za kupanda usiku na mtoto mgongoni.

Kwa mwenye nyumba, maswali mawili yanatosha: basi la mwisho kutoka stesheni hadi nyumbani ni saa ngapi, siku ya kazi na Jumapili? Na ufunguo unapatikanaje nikifika usiku? Anayejibu la kwanza kwa saa kamili anaujua mtaa wake. Anayejibu "usafiri upo muda wote" hajawahi kupanda basi hilo.

Kanda, tiketi na kadi

Majiji mengi hugawa nauli kwa kanda zinazozunguka katikati kama duara ndani ya duara. Nyumba ikiwa stesheni moja tu nje ya mpaka, unalipa kanda nzima ya ziada kila siku, na mara nyingine stesheni ya ndani ya mpaka iko mwendo wa dakika 15 kwa miguu. Berlin ina kanda A, B na C. Tiketi ya AB humtosha anayezunguka mjini, lakini uwanja wa ndege wa BER na mji wa Potsdam viko C. Mkaguzi hatakuuliza kama ulijua.

Jambo la pili ni saa za msongamano. London nauli ya juu ni Jumatatu hadi Ijumaa, 6:30 hadi 9:30 asubuhi na 16:00 hadi 19:00, yaani saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi, kisha saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Treni za LIRR zinazounganisha New York na Long Island zina hesabu tofauti kidogo: asubuhi kinachotazamwa ni saa ya kufika jijini (6:00 hadi 10:00, yaani saa 12 hadi saa 4 asubuhi), jioni ni saa ya kuondoka jijini (16:00 hadi 20:00, yaani saa 10 jioni hadi saa 2 usiku). Kwa hiyo unaweza kupanda kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mbali huko, na bado ukawa ndani ya saa ghali. Soma sheria inavyosema: ni saa ya kupanda au ya kufika.

Tiketi ya siku nayo ina aina mbili. Moja hufa usiku, hata kama umeinunua saa kumi jioni. Nyingine hudumu saa 24 tangu ulipoianzisha, kama ile ya Berlin. Hii ya pili ni zawadi kwa anayelala viungani: ianzishe saa nne asubuhi, itakurudisha nyumbani usiku na kukuingiza tena jijini kesho yake, mradi ufike kabla ya saa nne. Siku mbili umelipa tiketi moja ya siku na nauli moja ya kurudi. Pasi za wiki ni hatari zaidi. Pasi ya wiki ya Paris hutumika Jumatatu hadi Jumapili, na ukomo wa nauli wa wiki wa London huhesabiwa hivyohivyo. Anayefika Alhamisi na kuondoka Jumatano ameikata wiki yake vipande viwili na hafaidi kimoja.

Kwenye mageti ya kugusisha kadi, angalia mkono wako. Mtu anaingia stesheni jioni kwa simu, njiani betri inaisha, anatoka kwa kadi ya plastiki ya akaunti ileile ya benki. Geti linafunguka, taa ya kijani inawaka, naye anadhani mambo ni sawa. Mashine lakini imeona wasafiri wawili: mmoja aliyeingia hakutoka, mwingine aliyetoka hakuingia. London kila mmoja wao hutozwa nauli ya juu kabisa ya safari isiyokamilika. Kwa hiyo chagua kitu kimoja asubuhi na ubaki nacho hadi nyumbani, na kila msafiri awe na chake. Stesheni ndogo za pembezoni mara nyingi hazina geti kabisa, ni nguzo fupi tu yenye kisomeo ukutani au kando ya ngazi, na ndiyo maana watu huipita bila kuigusa.

Tiketi za karatasi zina kosa lao: nyingine lazima zipigwe muhuri kwenye kisanduku jukwaani kabla ya kupanda. Tiketi uliyoilipia lakini hukuipiga muhuri, kwa mkaguzi ni karatasi tu.

Treni ipi, na behewa lipi

Jina la njia halitoshi. Kwenye jukwaa moja hupita treni inayosimama kila kituo, ya haraka inayoruka stesheni kumi, na ile inayogeuka njiani kwenda tawi jingine. RER A, njia ya treni za viungani ya Paris, ikielekea mashariki hugawanyika Vincennes: tawi moja huenda Boissy-Saint-Léger, jingine Marne-la-Vallée. Tokyo rangi na maandishi kwenye ubao hutenganisha treni ya kila kituo na za haraka za aina kadhaa. Kabla ya kupanda, hakikisha ubao unataja stesheni yako, au taa imewaka pembeni ya jina lake kwenye orodha ya vituo. Kuona jina la mwisho wa njia tu hakutoshi.

Ukigundua umepanda siyo, shuka kituo kinachofuata na urudi hadi mahali njia zilipogawanyika. Usiendelee mbele kutafuta njia ya mkato. Reli za pembezoni hutandaa kama vidole vya mkono: ncha za vidole ziko karibu kwa macho, ila kutoka moja hadi nyingine lazima urudi kiganjani.

Uingereza kuna treni zinazokatwa njiani, mabehewa ya mbele yakaenda kwingine na ya nyuma kwingine, na kuna majukwaa mafupi ambako milango ya baadhi ya mabehewa haifunguki. Hutangazwa kabla ya kuondoka, kwa hiyo vua visikilizio vya masikioni kwa dakika mbili za mwanzo. Na siku ya kwanza, ukishuka stesheni yako ya nyumbani, tazama ngazi ziko mbele au nyuma ya treni. Kuanzia kesho panda behewa la upande huo. Kama watu 200 wanashuka na basi lina viti 30, utakuwa miongoni mwa 30.

Kupanga siku

Anayelala katikati ya jiji hurudi chumbani mchana, akabadilisha viatu, akalala kidogo. Wewe huna nafasi hiyo. Siku yako ni safari moja ndefu ya kutoka na kurudi, na mpango wake unaanzia hapo: chagua upande mmoja wa jiji kwa siku, anza na kilicho mbali zaidi na stesheni utakayorudia, malizia na kilicho jirani yake. Miguu ikigoma saa kumi na moja jioni, uko dakika tano tu kutoka kwenye treni.

Tiketi za muda maalumu (makumbusho, minara, makasri) hazivumilii uchelewaji wa reli. Kanuni: muda wako wa safari, ongeza pengo moja zima la treni, ongeza dakika 20 za ukaguzi wa mabegi. Kwa ile nyumba ya dakika 46 yenye treni kila dakika 10, jumla ni 76. Tiketi ya saa nne kamili asubuhi inakutaka utoke mlangoni saa mbili na dakika 44. Pengo lingekuwa dakika 30, wastani wa kusubiri ungepanda hadi 15, na ungetoka saa mbili na dakika 14. Ndiyo maana kuweka kiingilio saa tatu asubuhi kwa mtu wa viungani ni kujitesa bure. Weka saa nne na nusu au saa tano: unaingia baada ya wafanyakazi kufika kazini, treni ina viti, na nauli pengine imeshuka.

Angalia siku za kufungwa kabla ya kupanga upande. Paris, makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne. Makumbusho ya Musée d'Orsay na kasri la Versailles hufungwa Jumatatu. Kosa la kawaida ni kuhamisha mpango wa Jumatatu kwenda Louvre Jumanne. Kuna pia saa zinazomfaa anayetaka kukwepa treni za jioni: makumbusho ya Prado ya Madrid huingiwa bure Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Badala ya kusimama kwenye behewa umebanwa kwapani mwa mtu, unatazama michoro hadi watu wapungue.

Vivutio vilivyo nje ya jiji vitazame kulingana na upande unakolala. Aliye mashariki mwa Paris, kwenye RER A, yuko jirani na Disneyland na mbali na Versailles iliyo kusini magharibi. Aliye upande ule ni kinyume chake. Wengi huchagua nyumba kwanza kisha wakashangaa.

Begi moja dogo kwa mtu, lisilozuiwa kwenye makumbusho, liwe na koti jepesi la mvua, soksi za kubadilisha, chupa ya maji na pawabenki. Pawabenki ya mAh 10,000 haifikishi zote kwenye simu; kiasi hupotea katika kubadilisha volti, na kinachofika ni kama theluthi mbili. Simu ya mAh 5,000 itajaa mara moja na kitu, na hiyo inatosha siku. Vitu vizito nunua saa ya mwisho au viache kwenye makabati ya kulipia ya stesheni utakayorudia. Hakikisha kwanza makabati yanafungwa saa ngapi, kwa sababu mengine hufungwa kabla ya treni ya mwisho.

Kila baada ya siku mbili au tatu za jiji, baki mtaani kwako siku moja. Fua nguo, tembea bustani ya karibu. Na ujue maduka ya pembezoni hufunga mapema. Ujerumani maduka mengi hufungwa Jumapili kutwa, isipokuwa ya kwenye stesheni kubwa na viwanja vya ndege, hivyo cha asubuhi kinunuliwe Jumamosi.

Kurudi usiku

Andika saa tatu kwenye karatasi au uzipige picha ya skrini: treni unayoikusudia, inayofuata, na ya mwisho. Ya mwisho usiipange kamwe. Ikifutwa, hakuna nyingine nyuma yake. Tokyo treni husimama karibu na usiku wa manane na kuanza tena karibu saa kumi na moja alfajiri. London baadhi ya njia za chini ya ardhi hufanya kazi usiku kucha Ijumaa na Jumamosi pekee. New York treni za chini ya ardhi hazilali, jambo linalowadanganya waliofikia nje ya jiji, kwa sababu treni za viungani zina ratiba yake na mapengo yake.

Kinachowakwamisha watu hasa ni basi. Treni ya saa tano usiku inafika stesheni ya pembezoni vizuri kabisa, milango inafunguka, wanashuka watu wanane, saba wanaingia kwenye magari yao. Kituoni kuna kibao cha ratiba chini ya kioo, na ukimulika kwa simu unaona mstari wa mwisho: 20:52. Basi liliondoka saa mbili na dakika hamsini na mbili. Teksi hakuna, maana teksi hazisubiri abiria wanane. Kwa hiyo saa yako ya mwisho ya kuondoka jijini huhesabiwa kutoka kwenye basi kurudi nyuma, isipokuwa kama njia ya miguu uliikagua na inapitika usiku. Hifadhi namba ya teksi ya mtaa huo, siyo ya jiji, na uagize ukiwa bado ndani ya treni, stesheni mbili kabla.

Weka kengele ya simu dakika tano kabla ya kufika, hata kama huna usingizi. Joto la behewa na mwendo wa siku nzima hulaza watu wazima wakiwa wamesimama. Na ifahamu stesheni ya pili, ile ya njia nyingine iliyo kilomita tatu au nne kutoka nyumbani. Njia yako ikikwama, teksi kutoka hapo ni fupi kuliko kutoka katikati ya jiji.

Kisanduku cha ufunguo chenye namba za siri kifungue mchana siku ya kwanza, ili vidole vikizoee. Usiku, kwenye mvua, bila taa ya mlangoni, tarakimu ndogo hazisomeki, na mtaa tulivu husikia kila neno unalomwambia mwenzako.

Siku ya kuondoka

Nyumba nyingi hutaka uondoke saa tano asubuhi na ndege yako ni usiku. Usiivuke katikati ya jiji na masanduku saa za msongamano. Toka baada ya saa tatu na nusu, acha mizigo kwenye kabati la stesheni iliyo kwenye njia ya uwanja wa ndege, zunguka karibu na hapo tu, na uichukue kabla ya saa kumi jioni. Ukubwa wa kabati upime dhidi ya sanduku kubwa zaidi mlilonalo: makabati makubwa ni machache na hujaa mapema asubuhi, hasa Jumamosi. Na kabla ya kufunga mlango wa nyumba, piga picha mahali ulipoacha ufunguo.